Hisa za benki ndogo za mikoani: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Kigoma

Hapa Mwanga tuna kikoba cha watu 14, na miaka hii miwili tumeanza kununua hisa za benki kidogokidogo, kila mtu kwa jina lake. Tangu hapo naulizwa maswali yaleyale, sokoni, msibani, kwa simu saa nne usiku, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mi sio dalali wala sina leseni ya kumshauri mtu, nimejifunza kwa kusoma ripoti na mara moja kwa kuumia, na hiyo ya kuumia nitaieleza huko chini.

Benki ya mkoani ni ipi, si NMB na CRDB zipo hapahapa mjini?

Zipo, ila hizo ni za nchi nzima. Mvua ikikataa Kigoma, kuna mteja wao Mwanza au Mbeya anaendelea kurejesha. Mi naongelea benki ambayo mikopo yake mingi imekaa sehemu moja au kwa kundi moja la watu. Kwenye Soko la Hisa Dar es Salaam, DSE, zipo za namna hiyo: MUCOBA ya Mufindi, DCB iliyoanza 2002 kama benki ya wananchi wa Dar, Mwalimu ambayo chanzo chake ni walimu, Mkombozi na Maendeleo zilizotokea kwenye makanisa. Kigoma na Tabora hatuna ya kwetu sokoni, kwahiyo ukinunua unanunua ya wenzako, na hapo ndo inabidi uulize sana kuhusu huko kwa wenzako wanaishije.

Sasa nikitaka kujua kama hisa ya benki ni nzuri naanzia wapi?

Anzia kwa wakopaji. Watu wanaanzia kwenye bei, wengine kwenye jengo, wengine kwenye gawio la mwaka jana, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, na nawaelewa maana hivyo vinaonekana. Lakini biashara ya benki ni kukopesha hela za watu wengine, kwahiyo swali la kwanza ni nani anadaiwa na hiyo hela ya kurejesha anaitoa wapi.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna uvuvi miezi mitatu, na sababu ilikuwa ya msingi kabisa, samaki wapate kuzaliana. Haya, fikiria kuna benki ambayo nusu ya mikopo yake iko Kibirizi, Katonga na Ujiji, kwa wenye mitumbwi na injini, wanunuzi wa dagaa, mama wa kuanika, mwenye lori la kupeleka Dar, na hata mwenye duka la nyavu na taa. Kwenye karatasi hao ni wakopaji mia kadhaa tofauti, na afisa atakwambia mikopo imetawanyika vizuri, lakini wote wanakula kwenye ziwa moja. Ziwa likifungwa wanakwama wote siku moja, hata yule wa guest house pale juu anakwama maana wageni wake walikuwa wafanyabiashara wa dagaa. Mtu wa Dar anayesoma ripoti hiyo hayaoni haya, we wa Kigoma unayaona bila kufungua ripoti, na hapo umemzidi.

Kwahiyo ukienda kuangalia benki ya Mufindi jiulize maswali hayohayo ya kule, mbao zinaendaje, chai inaendaje. Ya walimu jiulize mshahara unakatwa wapi na nani anakata, kwasababu mkopo wa mtumishi unaokatwa kabla mshahara haujamfikia una usalama wake tofauti na mkopo wa mtu anayekuja dirishani kwa hiari yake.

Mi niko Urambo, huku kwetu ni tumbaku tupu, hesabu si ileile?

Ileile, ila kwenu kuna kitu cha ziada. Mkopo wa pembejeo unapitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mkulima anachukua mbolea na vifaa, halafu deni linakatwa tumbaku ikishauzwa. Soko likichelewa au kampuni ya kununua ikipunguza makisio ya tumbaku itakayochukua, deni linachelewa kwa AMCOS nzima, sio kwa mkulima mmoja mvivu. Hata mkulima hodari aliyeweka jani zuri anahesabika amechelewa. Na mwenye duka la dawa pale mjini naye anawasubiri hao hao. Benki yenye mikopo mingi ya msimu mmoja usiisome kwa ripoti ya robo moja, soma ya robo ileile mwaka jana na mwaka juzi, maana mwezi wa kukopesha na mwezi wa kulipwa zinaonekana kama benki mbili.

Hizo ripoti nazipata wapi, na mi sikusoma uhasibu?

Kila benki inatakiwa kutangaza hesabu zake kila robo mwaka, utazikuta kwenye magazeti na kwenye tovuti yao, ni ukurasa mmoja umejaa namba ndogondogo. Usiogope, huhitaji zote. Angalia jumla ya mikopo, jumla ya amana, yaani hela wateja walizoweka, mtaji wa wanahisa, yaani hela ya wenye benki wenyewe, faida, halafu shuka chini kabisa kuna kipande cha viashiria. Hapo wamekupigia hesabu tayari: mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamekwama, ni asilimia ngapi ya mikopo yote, mikopo ni asilimia ngapi ya amana, gharama zimekula kiasi gani cha mapato, faida kwa hisa moja, hadi idadi ya matawi na wafanyakazi wameandika. Mama mmoja kwenye kikoba chetu, anauza mawese pale sokoni, darasa la saba, siku hizi anakisoma hicho kipande haraka kuliko mimi, kwasababu kukopesha na kudai ndo maisha yake.

Kitu kimoja, chukua ripoti nane, yaani miaka miwili, uzipange mezani. Ripoti moja haisemi kitu.

Mikopo chechefu ikifika asilimia ngapi nikimbie?

Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5. Miaka ya 2017 na 2018 sekta nzima ilipita 10, kwahiyo sio kitu cha kufikirika. Ila mi siishii kwenye hiyo 5, kwasababu namba hiyo inaweza kupendezeshwa bila mtu kudanganya. Benki ikikopesha sana mwaka huu, mikopo mipya haijapata muda wa kuharibika, jumla inakua na ile asilimia inashuka yenyewe. Kwa hiyo ukiona mikopo imeongezeka kwa kasi na chechefu imeshuka, usishangilie kwanza, subiri mwaka upite. Pia mkopo unaweza kupangwa upya, mtu alikuwa alipe miaka miwili anapewa minne, hapo anahesabika mzima tena. Wakati mwingine ni jambo la haki, kama wavuvi wetu mwaka ule, wasingeweza kulipa ziwa limefungwa. Wakati mwingine ni kusogeza tatizo mbele. Utajua kwa kuangalia fungu walilotenga kwa hasara ya mikopo, kama linapanda kila robo na faida inazidi kuwa nyembamba, wao wenyewe wanajua kuna kitu.

Nimeona hisa inauzwa chini ya mtaji wake, si hapo nimeokota?

Hili ndo swali linalowapoteza wengi, ngoja nilipigie hesabu taratibu, benki ni ya mfano tu. Tuseme mtaji wa wanahisa ni bilioni 8 na hisa ziko milioni 20. Gawanya, kila hisa ina mtaji wa shilingi 400. Sokoni inauzwa 300. Mtu anasema nalipa 300 napata kitu cha 400, nimepata.

Sasa rudi kwenye mikopo. Benki hiyo imekopesha bilioni 40. Tuseme mikopo ya bilioni 6 haitarudi, na wao wameshatenga bilioni 1 tu kwa ajili ya hasara. Bilioni 5 zilizobaki zinatoka kwenye mtaji, hakuna pa kwingine pa kuzitoa. Mtaji unabaki bilioni 3, gawanya kwa hisa milioni 20, ni shilingi 150. Umelipa 300 kwa kitu cha 150. Na bado hujafika mwisho, kwasababu Benki Kuu ina kiwango cha chini cha mtaji ambacho benki haitakiwi kushuka, kwahiyo itabidi watafute mtaji mpya, na watakuja kwako wewe mwenye hisa.

Kwahiyo bei kuwa chini ya mtaji ni soko linakwambia haliamini hiyo mikopo. Inawezekana soko limekosea, inatokea, hasa kwa benki ndogo ambazo hakuna anayezifuatilia. Lakini kazi yako ni kujua kwanini we unaamini mikopo ambayo wengine hawaiamini, na jibu liwe la kueleweka, mfano wakopaji wake unawajua biashara yao na umeona wanavyorejesha.

Gawio kubwa si ndo dalili ya benki nzuri?

Inategemea limetoka wapi. Gawio kwa kampuni iliyo DSE linakatwa kodi ya zuio asilimia 5, kwahiyo ukiona CRDB walitoa shilingi 65 kwa hisa kwa mwaka 2024, mkononi ni 61.75. Swali la maana ni kwamba gawio hilo ni sehemu gani ya faida. Benki inayogawa theluthi ya faida na kubakiza nyingine inajijengea mtaji wa kukopesha zaidi. Benki ndogo inayogawa karibu yote ili wanahisa wafurahi kwenye mkutano mkuu, halafu miaka miwili mbele inawaomba hela, imewarudishia hela yenu na kuwaomba tena, na katikati hapo kodi imekatwa. Mi benki ndogo isiyotoa gawio kwasababu inajenga mtaji inanipa amani zaidi, japo najua mtu mwenye ada ya shule Januari hataki kusikia hilo na simlaumu.

Benki ikifungwa si kuna bima, nitalipwa?

Hapana. Bima ya amana inamlinda mwenye akaunti, na tangu 2023 ni hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja, kabla ya hapo ilikuwa milioni 1.5. We mwenye hisa ni mmiliki. Wanalipwa wenye amana, wanalipwa wadai wengine, wewe uko mwisho kabisa wa foleni na mara nyingi dirisha linafungwa kabla hujafika.

Na haya yameshatokea. Mei 2017 Benki Kuu ilifunga Benki ya Wananchi Mbinga, Januari 2018 ikafunga tano kwa mpigo, Covenant, Efatha, Njombe, Kagera Farmers na Meru, zote tatizo likiwa mtaji kutotosha. Benki ya wananchi ilitakiwa iwe na mtaji wa angalau bilioni 2, nyingine hazikufika. Desemba 2022 wakachukua usimamizi wa Yetu Microfinance, na hiyo ilikuwa imeorodheshwa DSE, watu kama mimi na wewe walikuwa na hisa zake. Kwahiyo neno "imeorodheshwa sokoni" lisikulaze usingizi.

Nimesikia amana ni muhimu kuliko mikopo, ni kweli?

Zinaenda pamoja ila kweli watu wanazisahau. Angalia hela ya benki inatoka wapi. Mama lishe anayeweka elfu ishirini kila jioni kwenye akaunti ya akiba, benki inamlipa riba ndogo au haimlipi kabisa, na haondoki leo wala kesho. Halafu kuna mtu mmoja ana milioni 800 kwenye akaunti ya muda maalum, huyo kila miezi mitatu anapiga simu anataka riba ipande la sivyo anahamisha, na benki ndogo inamnyenyekea maana akiondoka inayumba. Benki ya aina ya kwanza inapata hela rahisi, ya pili inakodi hela ghali halafu inalazimika kumkopesha mtu yeyote anayekubali riba kubwa, na anayekubali riba kubwa sana mara nyingi ni yule ambaye wengine wamemkatalia. Ubovu wa mikopo unaanzia hapo, kwenye amana. Ukiona mikopo imekaribia au kupita amana zote, ujue hawana pa kupumulia.

Gharama je?

Benki Kuu inapenda gharama zisizidi asilimia 55 ya mapato. Benki ndogo nyingi zinapita hapo kwasababu mfumo wa kompyuta, ulinzi na mkaguzi bei yake haiangalii ukubwa wako. Mi naangalia kama inashuka mwaka hadi mwaka. Isiposhuka huku matawi yanaongezeka, naacha.

Nikitaka kuuza, nauza haraka?

Hapa ndo niliumia. Nilinunua hisa za benki moja ndogo kwenye toleo la kwanza, yaani ilipouzia hisa umma kwa mara ya kwanza, sitaitaja, nikaweka hela ambayo ilikuwa ya bati za nyumba. Bei kwenye ubao ilikaa vilevile miezi na miezi nikawa nafurahi, naona haijashuka. Siku mke wangu amelazwa nikampigia dalali auze, akaniambia kaka, hakuna mnunuzi. Wiki ya kwanza hakuna, ya tatu akapatikana mtu anataka kidogo tu kwa bei ya chini sana. Bei niliyokuwa naiona ilikuwa ya mtu wa mwisho kununua, zamani, sio ya mtu aliye tayari kununua leo. Bati tulikuja kuezeka mwaka uliofuata.

Kwahiyo kabla ya kununua, fuatilia mwezi mzima hisa ngapi zinauzwa kwa siku. Kama siku nyingi ni sifuri, weka hela ambayo hata miaka mitano huihitaji. Na jumlisha makato, dalali na ada za soko na za wasimamizi kwa mnunuzi mdogo zinapita asilimia 2 ukinunua, na ukiuza unakatwa tena, kwahiyo kununua na kuuza ndani ya miezi miwili kwenye hisa kama hizi unawafanyia wengine kazi.

Nimepata barua ya hisa stahiki, nilipie au niache?

Hisa stahiki maana yake benki inataka mtaji zaidi na inakupa wewe mwanahisa nafasi ya kwanza. Uliza mtaji ni wa kukua au wa kuziba shimo. Na hata ukiwa wa kukua sio guarantii. CRDB 2015 walitoa hisa stahiki kwa shilingi 350, benki kubwa, jina kubwa, halafu mikopo ikasumbua sekta nzima na faida ikaporomoka 2017, bei ikaja kushuka chini hata ya 150 waliyouza mara ya kwanza 2009. Aliyevumilia baadaye amekuja kucheka, lakini alivumilia miaka, na alikuwa na benki yenye upana wa nchi nzima ya kumsubiria. Benki ya wilaya mbili haina huo upana.

Benki ikifungua Burundi au Congo, faida si inaongezeka?

Sisi wa Kigoma tunalijua hili kuliko mtu yeyote. CRDB wako Bujumbura tangu 2012 na Lubumbashi tangu 2023, na biashara ipo kweli, we simama tu Kibirizi uhesabu maboti. Lakini faida ya Bujumbura inapatikana kwa faranga. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha faranga kwa mkupuo, na anayevuka mpaka pale Manyovu anajua rate ya mtaani ni nyingine na ya benki ni nyingine. Hiyo faranga ukiigeuza shilingi inasinyaa, na kuitoa nje nako ni kazi kwasababu dola hazipo. Kwahiyo soma faida ya huko kwa shilingi, usisome kwa ukuaji wa faranga.

Yale ya benki za Marekani 2023 yanatuhusu?

Yanatuhusu kwa kitu kimoja. Silicon Valley Bank ya California haikuuawa na mikopo chechefu. Ilichukua amana nyingi ikanunua hatifungani za muda mrefu, yaani iliikopesha serikali kwa riba isiyobadilika, riba zikapanda, bei ya zile hatifungani ikashuka maana mpya zilikuwa zinalipa zaidi, wateja wake wengi walikuwa wa aina moja wanaongea kwenye magrupu yaleyale, wakashtuka pamoja na kuomba kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja. Machi 10 ikafungwa. Wenye amana serikali iliwalinda wote, wenye hisa waliachwa. Benki zetu nazo zinashika hatifungani za serikali, kwahiyo angalia zimeshika kiasi gani na wateja wake ni kundi moja au mchanganyiko.

Nikope SACCOS ninunue hisa?

Usifanye hivyo ndugu yangu. Marejesho ya SACCOS ni kila mwezi, gawio ni mara moja kwa mwaka na linaweza lisije.

Nanunuaje nikiwa huku?

Huhitaji kwenda Dar. Namba ya NIDA, akaunti ya benki, dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa, anakufungulia akaunti ya hisa, au unatumia programu ya Hisa Kiganjani kwenye simu. Hela usimpe mtu mkononi hata kama ni wa ukoo, iende kwenye akaunti ya dalali na upate risiti.

Mkutano mkuu niende, na niulize nini, mi nina hisa mia tano tu?

Nenda, siku hizi mingi unaingia hata kwa simu. Hisa mia tano zinakupa haki ya kuuliza sawa na mwenye laki tano. Usiulize kwanini bei haipandi, hiyo kila mtu anauliza na jibu ni la kukutuliza. Uliza hivi: wakopaji wetu kumi wakubwa wanashika asilimia ngapi ya mikopo yote, na kati yao wangapi mkopo umepangwa upya mwaka huu. Uliza wakurugenzi na jamaa zao wamekopa kiasi gani hapa. Halafu sikiliza nani anajibu. Akijibu mkurugenzi mkuu mwenyewe kwa namba, andika hizo namba, mwaka kesho utamuuliza tena.